Sifuri Yangu Kwenye Kitabu cha Anko Ravi

Tulipotoka kumuaga marehemu Anko Ravi tulikusanyika kwenye ukumbi mdogo kule mtaa wa Overport, Durban, kula wali na dhal ya dengu. Mimi nilikuwa nimeshajipatia kiti cha pembeni, karibu na sufuria, mahali ninapopapenda kuliko mahali pote duniani, ndipo binti yake alipoinuka na daftari lenye jalada la kijani. Alisema baba yake alifundisha softboli miaka mingi, na katika miaka yote hiyo ni mrushaji mmoja tu aliyemaliza msimu mzima bila kuandikiwa hata pointi moja. "Na tuko naye hapa," akasema. "Zawadi, simama watu wakuone." Nikasimama na kijiko mkononi. Watu wakapiga makofi. Wazee wasiojua kama softboli ni mchezo au ni ugonjwa wa miguu wakaniangalia kwa heshima, na mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. Nikainamia sahani yangu. Mwanamke mwenye nyonga hizi, anayepumzika mara mbili kabla hajafika ghorofa ya kwanza, anapigiwa makofi ya ushujaa: kingekuwa kichekesho kizuri sana kama ile sifuri ingekuwa ya kweli. Imeandikwa, hilo sibishi. Imeandikwa kwa wino, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu mstaafu, na kwa kufuata sheria zote. Lakini najua ilivyopatikana, najua nani aliitolea jasho, na siku ile nilirudi nyumbani nikashindwa kula chakula cha jioni, jambo ambalo wanaonijua watalipima kwa uzito wake.

Ulikuwa mwaka 2012. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na niliishi Albert Park, ghorofa ya sita, kwa Mama Béa, aliyekuwa akisuka nywele sebuleni mwake. Sebule ilikuwa imegawanywa kwa pazia la maua: upande wa dirisha kulikuwa na viti viwili vya wateja, kioo, na harufu ya mafuta ya nywele, upande wa ndani kulikuwa na jiko, meza, na kochi la rangi ya kahawia ambalo lilikuwa limeshajifunza umbo langu. Kazi yangu ilikuwa kumsaidia Mama Béa kufungua misuko ya zamani na kuosha vitana. Nikimaliza nilijilaza. Sikupenda kutoka. Wenzangu walikwenda ufukweni, walikwenda mjini, walikwenda kwenye maombi ya mkesha. Mimi nilikuwa na kochi. Wakaniita Mama Kochi, na Mama Béa alipenda kuwaambia wateja kwa sauti ya kunifikia nyuma ya pazia: "Iko mtoto moja hapa ndani, siku Yesu anarudia atamukuta amelala, atamwambia njoo kesho." Nilicheka nao. Nikiwa pale pale nimelala, niliokota zile rola za nywele zilizomwagika sakafuni na kuzirusha kwenye ndoo iliyokuwa mlangoni mwa bafu, moja moja, mkono ukipita chini ubavuni, bila kuinua kichwa. Sikukosa. Kama kuna kipaji ambacho uvivu umewahi kumpa binadamu, ni kile.

Kwenye nyumba ile tulikuwa na sheria moja ambayo lazima niieleze, maana ndiyo iliyotupotosha sote. Wageni walikuwa wengi, kila saa, watu wa Bukavu, watu wa Uvira, binamu za mtu fulani waliofika jana kutoka mpakani. Kwa hiyo Mama Béa alikata shauri: anayemfungulia mgeni mlango, mgeni ni wake. Yeye ndiye atamkaribisha, atawasha jiko, atasonga fufu, ule ugali wa muhogo, na chumvi ikizidi atasemwa yeye. Hakuna kusema "huyu alikuja kwa ajili ya fulani". Umefungua, ni wako. Tangu sheria ile itoke, mimi sikuwahi kusikia mtu anabisha hodi. Nilikuwa na usingizi mzito sana saa za mchana. Aliyefungua kila mara alikuwa Nsimire.

Nsimire tulilala naye chumba kimoja. Alinizidi miaka mitano, kwa hiyo nilimwita yaya, kama tunavyowaita dada zetu wakubwa kwetu Kivu, Kongo, naye aliniita petite, yaani mdogo, ingawa nilimpita urefu na upana. Alifanya kazi karibu na bandari, kwenye ghala la baridi linalopanga matunda ya kwenda ng'ambo. Aliingia alfajiri, akatoka mchana, Jumamosi pia, na saa zote hizo alisimama kwenye baridi akipanga machungwa kwenye makasha. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye viungo, na ngozi ilipasuka kando ya kucha. Akirudi alivitumbukiza kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu na kusema, "Ngoja kwanza vikumbuke kama ni vyangu." Halafu mtu angebisha hodi, naye angekausha mikono na kwenda kufungua.

Yeye ndiye aliyemjua Anko Ravi. Mzee alikuwa mwalimu mstaafu wa Overport, Mhindi wa Durban, mwembamba, kofia ya jua kichwani hata ndani ya nyumba, na kila Jumatano alikuja kwenye ukumbi wa kanisa letu kufundisha Kiingereza bure. Somo la tatu akaleta mpira na gongo. Sijui alikuwa akifundisha neno gani. Nsimire aliporudi alituambia kwamba anatafuta wanawake wa kuunda timu, na akaniangalia nikiwa kwenye kochi, nikiwa katikati ya kurusha rola. Ikaingia kwenye ndoo. Akaokota nyingine sakafuni, akanipa. Ikaingia.

"Mama Béa," akasema, "huyu tunamupeleka."

"Mumupeleke," Mama Béa akajibu nyuma ya pazia. "Na kochi mubebe, bila hivyo hataenda."

Ndivyo nilivyoingia kwenye timu ya Hadeda. Jina lilitoka kwa majirani wa uwanja, waliolalamika kwamba tunapiga kelele kama wale ndege wenye midomo mirefu wanaoamsha Durban nzima asubuhi. Anko Ravi akasema basi na iwe hivyo. Kwa asiyejua, softboli ni ndugu ya besiboli. Mrushaji anasimama katikati na kurusha mpira kwa mkono wa chini. Mpigaji anajaribu kuupiga kwa gongo. Akiupiga anakimbia, kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, na akirudi nyumbani salama ni pointi. Wakitolewa watatu, timu zinabadilishana. Zamu ni saba. Mimi nilielewa baada ya mwezi. Nsimire alielewa siku ya kwanza, na siku ya pili alikuwa akirusha mpira kwa namna ambayo wapigaji wenyewe walibaki wakitazamana. Akawa ndiye anayeanza mechi zote. Mimi nikawa wa akiba: nakaa benchi na pakiti ya chipsi, na yeye akichoka, naingia kumalizia.

Na alichoka, maana alikuwa amesimama tangu alfajiri. Alituvusha zamu tano, wakati mwingine sita, huku wapinzani wakiambulia kidogo sana au wasipate kitu. Halafu kwenye zamu ya sita au ya saba vidole vilikataa. Mpira ulianza kupotea, mmoja akapata kituo cha kwanza, mwingine wa pili, naye angevua kofia na kuiinua juu. Hiyo ilikuwa alama yao na Anko. Mzee angegeuka: "Zawadi, acha chipsi." Nami ningekwenda, nimepumzika kama mtoto mchanga, kuikuta nyumba imejaa wageni.

Hapa ndipo penye kitabu. Anko Ravi aliandika kila kitu kwenye lile daftari la kijani, kila mpira, kila mkimbiaji, na sheria ya uandishi, aliyoikuta kwa waliomtangulia, ilisema hivi: mkimbiaji ni wa yule mrushaji aliyemruhusu kufika kituoni. Ukiingia wewe ukawakuta wawili wamesimama vituoni, kisha wewe urushe mpira mbaya, upigwe, na wale wawili wafike nyumbani, pointi zote mbili anaandikiwa aliyeondoka. Wewe huandikiwi kitu. Mzee alitueleza siku ya kwanza, tumekaa kwenye nyasi, na aliposema, "Aliyemfungulia mlango ndiye mwenye mgeni," sisi wa ghorofa ya sita tulitazamana tukacheka. Nsimire alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Ni kama kwetu," akasema. "Iko haki." Nami nikaafiki. Nani angejua haki ya nyumba ile kuliko mimi, ambaye sikuwa nimefungua mlango tangu Januari?

Nitasimulia mechi moja tu, tuliyocheza na wasichana wa mtaa wa Bluff, maana nyingine zote zilikuwa watoto wake. Tulikuwa tunaongoza kwa pointi mbili, zamu ya saba, ya mwisho, wao wanapiga. Nsimire alikuwa amewatoa wawili. Kisha vidole vikakataa, vituo vyote vitatu vikajaa, kofia ikainuka. Nikaenda. Aliponikabidhi mpira, ulitua kiganjani mwangu ukiwa na joto na unyevu, na aliniambia kwa sauti ya chini, "Petite, huyu anapenda mpira ya juu. Umupe ya chini tu. Ya chini." Nikasema ndiyo yaya. Nikarusha wa juu. Sikukusudia; nilikuwa nawaza kama nimeifunga ile pakiti au sisimizi wanaila. Msichana wa Bluff akaupiga hadi kwenye uzio, wote watatu wakaingia nyumbani wakishikana mikono kama wanakwenda harusini, na tukawa tumezidiwa moja. Aliyefuata akapiga mpira hewani, ukadakwa, basi. Zamu yetu ya mwisho, mtu wa kwanza kufika kituoni alikuwa Nsimire mwenyewe, aliyekuwa amehamia kucheza nyuma, na alikimbia na ile miguu iliyosimama tangu alfajiri mpaka akafika nyumbani, akafuatwa na mwenzake, tukashinda.

Anko Ravi akakaa na kalamu yake. Pointi tatu: Nsimire. Pointi za Zawadi: sifuri. Na ushindi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mrushaji wakati timu ilipochukua uongozi wa mwisho, ushindi ukaandikwa jina langu. Kitabu kilikuwa na safu ya aliyeshinda, safu ya aliyeshindwa, safu ya aliyeokoa. Hakikuwa na safu ya aliyeharibu halafu wenzake wakamtengenezea. Wasichana wakanibeba juu, na siwadanganyi, si kazi ndogo. Nikiwa huko juu nilimwona Nsimire amekaa kwenye nyasi, akipulizia vidole. Aliniona namwangalia, akanipigia makofi.

Msiseme sikujua. Nilimaliza sekondari, hesabu ya kugawanya najua, na nina macho. Jioni ile kwenye kochi nilijihesabia mwenyewe: nimeingia mara ngapi, nimewakuta wangapi vituoni, wangapi wamefika nyumbani kwa mipira yangu. Karibu wote. Nilikuwa mlango usio na kitasa. Lakini kwa kuwa nilirusha mipira michache kila mechi, wale niliowaruhusu mimi mwenyewe hawakupata muda wa kufika popote. Mechi iliisha wakiwa bado njiani. Kadiri nilivyofanya kazi kidogo ndivyo nilivyozidi kuwa bora. Nilipofika hapo kwenye hesabu zangu niliacha, kwa sababu Mama Béa alikuwa akimwambia mteja nyuma ya pazia: "Wewe unamujua Zawadi wangu? Ule Mama Kochi? Banasema katika timu yote hakuna mwenye anamupita. Sifuri! Hata ule mwalimu anashangaa." Na sauti yake haikuwa ya mzaha. Nilikuwa sijawahi kumsikia akinitaja bila mzaha. Nikavuta blanketi hadi kidevuni, nikaisikiliza ile sauti kama mtu anayesikiliza mvua akiwa ndani.

Karibu na mwisho wa msimu ikaja barua. Chama cha mchezo kilikuwa kinaandaa kambi ya wiki sita Johannesburg. Kila timu ipeleke mrushaji mmoja, na atakayeimaliza atatafutiwa nafasi ya kufundisha michezo kwenye shule za msingi. Nsimire aliisoma ile barua iliyobandikwa kwenye mlango wa ukumbi, akaisoma tena kwa kidole. Kufundisha watoto, nje, juani. Usiku, kabla hatujalala, aliniuliza kwenye giza: "Petite, unafikiri ku shule banaruhusu mwalimu avae glovu? Kama vidole bado vinauma?" Nikamwambia watamruhusu. Akasema, "Juani vitapona tu." Nikamsikia akigeuka ukutani.

Jumapili iliyofuata Anko Ravi alituita sisi wawili nyumbani kwake kula. Nalikumbuka lile jiko kuliko nyumba nyingi nilizoishi: vigae vya kijani, redio ndogo juu ya friji, makopo ya viungo yaliyopangwa kwa ukubwa, na Aunty Sheila, mkewe, akifunua sufuria la biriani hadi mvuke ukapaka madirisha. Nilikula sahani mbili kabla watu hawajamaliza kusali. Baada ya chakula Nsimire aliinuka kumsaidia Aunty kuosha vyombo, maana ndivyo alivyokuwa, na mimi nikabaki mezani, maana ndivyo nilivyokuwa. Anko akaleta daftari na fomu ya chama. Fomu ilitaka namba tu: zamu, pointi alizoruhusu, ushindi, alizookoa. Aliziandika polepole, za kwangu na za Nsimire, bega kwa bega. Kisha akavua miwani.

"Zawadi," akasema, kwa Kiingereza chake cha Durban ambacho hapa nakigeuza, "mimi nimezeeka, naandika ninachokiona kwenye mstari. Wewe ndiye uliyesimama pale katikati. Nikiangalia namba, ni wewe. Nikiangalia kwa macho yangu..." Akagonga kalamu. "Niambie binti yangu. Hizi namba zinasema kweli?"

Sinki lilikuwa hatua tatu kutoka mezani. Maji yalikuwa yanatiririka, na Aunty Sheila alikuwa akimwambia Nsimire, "Weka glovu, my darling, maji ya moto, angalia hiyo mikono yako." Mzee alikuwa ananiangalia kwa macho ya mtu anayeomba asaidiwe. Alitaka nimpe sababu. Neno moja tu lilitosha, wala halikuhitaji ushujaa: "Hapana, Anko." Na jambo la kunichekesha mimi mwenyewe, kama ningekuwa na moyo wa kucheka, ni kwamba sikutaka kwenda Johannesburg. Sikutaka kwenda hata dukani. Nilichotaka ni ile sauti ya Mama Béa nyuma ya pazia, iendelee kidogo tu. Nikameza tonge la biriani lililokuwa mdomoni.

"Kitabu ni kitabu, Anko," nikasema.

Halafu akavaa miwani, akaandika jina langu, na kwenye sinki bomba likafungwa.

Nilijiambia kwamba Nsimire atapinga. Nilimsubiri apinge, nilitamani apinge, ili nimpe nafasi kwa ukarimu na nibaki na sifuri yangu pia; nilikuwa nimeshapanga maneno. Siku ya pili nilikuwa kwenye kochi, yeye upande wa pili wa pazia akisukwa, na Mama Béa akamchokoza. "Weye unarusha saa nzima, huyu anarusha dakika mbili, halafu anaenda yeye. Unaona je hiyo?"

"Mama, kitabu haidanganyake," Nsimire akasema. "Ni mimi niko naacha watu banapita. Nilikuwa nafikiri niko mzuri. Kumbe nilikuwa nafikiri tu." Kitana kikapita nywele. "Zawadi anaingia kwa moto yangu kila mara na haunguake. Mimi sijui anafanya je."

Mama Béa akasema, "Eish." Mimi nilibaki nimeshika rola mkononi. Kwamba amenyimwa nafasi lilikuwa jambo moja. Kwamba ameamini, hilo sikuwa nimelihesabu.

Nikaenda Johannesburg. Nikadumu siku kumi na moja. Baridi ya kule haina adabu, inaingia hadi kwenye soksi. Kitanda kilikuwa cha chuma, mto kama kipande cha mkate mkavu, na kimya cha usiku kilinitisha mimi niliyezoea kulala na Albert Park nzima ikigombana chini ya dirisha. Lakini hizo ndizo sababu nilizowaambia watu. Sababu yenyewe ilikuwa siku ya tatu. Kocha, mama mmoja mwenye filimbi na mapaja ya mwanariadha, alinipa mpira akasema nianze mimi, mwanzo wa mchezo. Vituo vitupu. Hakuna mgeni wa mtu mwingine. Kila aliyekanyaga pale angekuwa wangu. Niliwarushia wasichana saba na wote saba walinipiga. Wengine walirudi kupiga mara ya pili. Yule mama akaitazama fomu yangu, akanitazama mimi, akaigeuza fomu aone kama kuna maelezo nyuma. "Sisi," akasema, yaani dada kwa Kizulu, "hii sifuri ulipewa au uliiokota?" Wenzangu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Kuanzia kesho yake nikaumwa tumbo. Niliumwa siku nane, nimejifunika blanketi hadi kichwani, nikila kila kilicholetwa, wakati wenzangu uwanjani wakifundishwa yale ambayo Nsimire angeyameza kwa siku moja. Kisha nikaomba kurudi. Nafasi ya Hadeda ikafutwa. Ilikuwa imeshachelewa kumleta mwingine. Niliuliza. Ni kweli niliuliza, ingawa niliuliza baada ya kuomba basi.

Basi liliingia Durban asubuhi, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa Nsimire, na jaketi lake la ghalani, na chupa ya chai, na mikate ya kukaanga iliyofungwa kwenye gazeti. Alikuwa ameomba kuchelewa kazini. Akachukua begi langu. "Pole ya tumbo," akasema. "Umekonda." Sikuwa nimekonda. Lifti ilikuwa mbovu kama kawaida, tukapanda ngazi, yeye na begi, mimi na pumzi zangu, na tulipofika ghorofa ya nne nikasema tupumzike. Akaweka begi chini. Akatoa mpira mfukoni mwa jaketi. Alikuja nao kituoni.

"Petite, niambie, walikufundisha nini? Nionyeshe kitu moja tu. Moja tu."

Ngazi ile ilinuka sabuni na samaki wa kukausha. Angenicheka kama ningesema sikujifunza kitu. Angenichokoza hadi ghorofa ya sita, angewaambia akina Mama Béa, wangenichokoza mwezi mzima, na ingeishia hapo. Niliushika ule mpira. Nikaweka vidole viwili juu ya mshono, cha tatu nikakikunja, gumba chini, nikajitungia hapo hapo. "Unakamata hivi," nikasema. "Halafu ukifika ubavuni, unageuza kiganja, kama unafunga bomba." Sijui ilitoka wapi. Labda kwenye bomba la Aunty Sheila. Nsimire aliupokea mpira akajaribu. Kidole kile cha tatu kilikuwa ndicho kibovu kuliko vyote, na nilimwona akikikunja kwa mkono mwingine, akiuma mdomo, hadi kikakaa nilivyosema.

"Hivi?"

"Zaidi kidogo."

Alijifunza ule uongo wangu majira yote ya baridi. Kila mchana akitoka ghalani, kabla ya bakuli la maji ya uvuguvugu, alishuka kwenye ua wa maegesho nyuma ya jengo na kuutupia mpira ukuta, amevifunga vidole kwa plasta, hadi mlinzi akalalamika, "Hhayi, sisi, huo ukuta umekukosea nini?" Mimi niliusikia ule mpira kutoka kwenye kochi. Tu. Tu. Tu. Mara nyingi nilikaa wima ili nishuke nikamwambie. Kukaa wima, hapo ndipo nilipofika.

Siku moja zile sauti zikakoma mapema, na nikasikia miguu ikipanda ngazi mbio. Nsimire akaingia bila kuvua jaketi, anahema, akanivuta mkono mbele ya wateja wote. "Njoo uone. Zawadi, njoo." Nikashuka, ghorofa zote sita. Mlinzi alikuwa amesimama na ufagio wake ameushika kama gongo, naye alikuwa anacheka. Nsimire akarudi nyuma, akashika mpira kwa ule mshiko wa kijinga, akageuza kiganja. Mpira ukaenda wima, wima, halafu mbele ya ufagio ukazama ghafla kama umekatwa kamba. Mlinzi akapiga hewa, akazunguka, akakaa chini. Sijawahi kuona mpira wa namna ile kabla wala baada.

Nsimire alinikumbatia, plasta zake zikinikwaruza shingoni. "Kumbe iko kweli!" akasema. "Siku kumi na moja tu, na umeniletea kitu kama hii! Nitamwambia Anko Ravi aandike: ni Zawadi alinifundisha."

Nami, na Mungu ananisikia, nikampigapiga mgongoni nikajibu, "Si nilikuambia."

Alibaki kwenye lile ghala miaka miwili zaidi.